Hermann Schulze-Delitzsch, hakimu aliyegeuka mbunge wa mafundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaosoma historia ya ushirika hulikuta jina hili pembezoni tu, likitajwa mara moja kabla ya Raiffeisen, mwanzilishi wa vyama vya mikopo vya wakulima wa Ujerumani, na kusahaulika. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudiwa kila mara, na wanafunzi, na wajumbe wa bodi za SACCOS, na watu waliokutana na jina hilo kwa bahati tu. Yale mepesi yametangulia. Yenye utata yako mwishoni.

## Jina, kwao na kazi yake

Alikuwa nani, kwa ufupi?

Alikuwa hakimu, kisha mbunge wa Prussia, dola iliyokuwa na nguvu kuliko nyingine zote za Ujerumani katika karne ya 19. Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1808 na akafariki Potsdam, jirani na Berlin, tarehe 29 Aprili 1883. Alianzisha vyama vya kukopeshana vya mafundi wadogo wa mjini, vile ambavyo Wajerumani huviita *Volksbanken*, yaani benki za wananchi. Ndiye pia aliyeiandaa na kuipigania bungeni sheria ya kwanza ya ushirika ya Prussia, ya mwaka 1867. Mambo hayo mawili hayatengani, maana vyama bila sheria vilikuwa vinachechemea (tazama swali la sheria ya 1867).

Delitzsch ni jina la ukoo?

Hapana, ni mji. Jina alilopewa ni Franz Hermann Schulze. *Schulze* zamani lilikuwa jina la cheo cha mkuu wa kijiji, kama jumbe kwetu, na kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na jumbe wake, akina Schulze wakajaa Ujerumani nzima. Alipoingia bungeni mwaka 1848 alikuta wenzake wenye jina hilohilo, basi akaongezewa jina la mji aliotoka ili asichanganywe nao. Likamganda mpaka kaburini. Hutamkwa karibu na "Shultse-Delich".

Alikuwa Mprussia au Msaxony?

Inategemea unauliza mwaka gani. Delitzsch uko kilomita 20 hivi kaskazini ya Leipzig, na alipozaliwa ulikuwa chini ya mfalme wa Saxony. Saxony ilikuwa upande wa Napoleon, na Napoleon aliposhindwa, wakubwa waliokutana Vienna waliimega nchi hiyo mwaka 1815, Delitzsch ikaangukia Prussia. Mtoto Hermann akabadilishiwa mfalme akiwa palepale kwao. Leo mji huo umo tena katika jimbo la Saxony, ndiyo maana utaona maandishi mengine yanamwita Msaxony. Kazi yake yote, mahakamani na bungeni, ilikuwa ya Prussia.

Alikuwa wakili?

Watu wengi huandika hivyo. Ni sahihi zaidi kusema alikuwa mwanasheria aliyefanya kazi ya uhakimu. Alisoma sheria Leipzig na Halle, akapita katika mahakama za Naumburg na Berlin kama ofisa mwanafunzi, na mwaka 1841 akarudi nyumbani kuwa hakimu wa mahakama ya kimwinyi. Baba yake alikuwa mwanasheria vilevile.

Mahakama ya kimwinyi inahitaji maelezo. Mwenye shamba kubwa alikuwa na haki ya kuendesha mahakama kwenye ardhi yake na kumwajiri hakimu. Hakimu huyo alisikiliza mashauri madogomadogo ya vijiji, kama madeni, mirathi, mipaka na walezi wa yatima. Utaratibu huu ulifutwa Prussia mwaka 1849. Mimi huona kwamba miaka ile ndiyo iliyomfundisha kuliko chuo, kwa sababu hakimu wa madeni humwona maskini siku ile anaposhindwa kulipa, na huona pia sababu.

Cheo cha "wakili" kilimjia baadaye kwa njia nyingine. Vyama vyake vilipoungana, yeye kama kiongozi wao aliitwa *Anwalt*, yaani wakili au mtetezi wa vyama vya ushirika vya Ujerumani. Wanaotafsiri harakaharaka hudhani alikuwa na ofisi ya uwakili.

## Njaa, mapinduzi na kesi

Alianzaje kujihusisha na shida za watu?

Kwa mkate. Mavuno ya mwaka 1846 yaliharibika sehemu kubwa ya Ulaya na bei ya nafaka ikapaa. Delitzsch, yeye na wenzake waliunda kamati, wakachangisha fedha, wakanunua nafaka, wakakodi kinu na tanuri la mkate. Nafaka ikasagwa, ikaokwa na kugawiwa wenye shida, bila mfanyabiashara wa kati kuingiza mkono.

Ilikuwa hisani, si ushirika. Hata hivyo ilimwonyesha kwamba watu wa mji mdogo wanaweza kuendesha shughuli yao wenyewe, na ilimpa jina. Mwaka 1848 mapinduzi yalipolipuka na Prussia ikaitisha bunge la kuandika katiba, Delitzsch ikamtuma yeye.

Alifanya nini katika bunge la 1848?

Alipewa uenyekiti wa kamati iliyoshughulikia malalamiko ya mafundi na wafanyakazi. Yalimiminika maombi yapatayo 1,600. Seremala, washona viatu, washonaji nguo na wafumaji walilia kilio kimoja: viwanda vimetushinda bei, na mwenye duka la malighafi anatukamua.

Wengi wao walitaka serikali irudishe kanuni za zamani za vyama vya mafundi, zilizozuia mtu asiye mwanachama kufanya kazi hiyo. Schulze hakuamini kwamba mlango huo unaweza kufungwa tena. Alitoka kwenye makaratasi yale na jibu jingine kabisa: fundi mdogo apate malighafi kwa bei ya jumla na mkopo kwa riba ya kiungwana, kama anavyopata mwenye kiwanda. Shida ilikuwa njia ya kufika huko.

Ni kweli alishtakiwa?

Ndiyo. Novemba 1848 mfalme alilihamisha bunge kwa nguvu kutoka Berlin, na wabunge waliobaki wakapitisha azimio kwamba serikali ile haina haki ya kukusanya kodi. Schulze alikuwa miongoni mwao. Kesi ilisikilizwa Berlin mwaka 1850 dhidi ya wabunge zaidi ya 40. Wengi wao, Schulze akiwamo, waliachiwa huru. Mwenzao Lothar Bucher alipatikana na hatia akakimbilia London. Dunia ina mambo: miaka baadaye Bucher huyohuyo aligeuka msaidizi wa karibu wa Bismarck, waziri mkuu wa Prussia.

Kwa nini aliacha uhakimu?

Mahakama ilimwachia, lakini wakubwa hawakumsamehe. Alihamishiwa Wreschen, mkoa wa Posen, leo Poland, mbali na vyama alivyokwisha kuvianzisha kwao. Yeyote aliyewahi kuona mtumishi wa serikali "akipelekwa porini" kwa sababu ya siasa anaijua barua ya namna hiyo. Ukazuka ugomvi kuhusu likizo ya kurudi Delitzsch, na mwaka 1851 akajiuzulu. Alirudi nyumbani bila mshahara wa serikali, akiwa na umri wa miaka 43.

Alikula nini baada ya hapo?

Mwanzo alijikimu kwa kazi ndogondogo za sheria na uandishi. Vyama vilipoongezeka na kuunda umoja wao, vikawa vinachangia sehemu ndogo ya faida kulipia ofisi yake. Wapenzi wake walimchangia zawadi ya taifa nzima katika miaka ya 1860, akapata nyumba Potsdam. Ubunge haukumtajirisha: wabunge wa bunge la Dola ya Ujerumani hawakulipwa posho hadi mwaka 1906, na yeye alipeleka hoja ya posho mara kwa mara, ikikwama kila mara. Alisema wazi kuwa bunge lisilolipa ni bunge la matajiri.

## Jinsi vyama vyake vilivyofanya kazi

Chama cha kwanza kilikuwa cha mikopo?

Hapana, na hili hukosewa sana. Mwaka 1849 kilitangulia chama cha kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba, kitu ambacho msomaji wa huku hahitaji kufafanuliwa. Mwaka huohuo mafundi viatu 57 wa Delitzsch wakaunda chama cha kununua ngozi kwa pamoja, na maseremala wakawa na chao.

Chukua fundi viatu mmoja. Hana fedha ya kununua ngozi nzima, basi anachukua kipande kwa mkopo dukani. Bei ya mkopo ni kubwa kuliko ya taslimu, na kwa kuwa anadaiwa hawezi kuhamia duka jingine wala kuchagua ngozi, akipewa ya pembeni iliyokaa, anashukuru. Akimaliza jozi ya viatu anaiuza haraka kwa bei ya hasara ili alipe deni, kisha anarudi dukani kuanza upya. Hamsini na saba wakiungana, wananunua ngozi nzimanzima kwa mwenye ghala na kugawana kwa bei ya jumla. Lakini hata hao walihitaji fedha ya kuanzia, na hapo ndipo chama cha mikopo kilipozaliwa, mwaka 1850.

Chama cha mikopo kiliendeshwaje?

Mwanachama alilipa kiingilio, kisha akawa anaweka kidogokidogo kila mwezi mpaka hisa yake itimie. Gawio la faida halikutiwa mkononi mwake kabla ya hapo, liliongezwa kwenye hisa. Mikopo ilikuwa ya muda mfupi, kwa kawaida miezi mitatu, yenye uwezekano wa kuongezewa, na ilikwenda kwa wanachama tu. Dhamana haikuwa shamba wala nyumba. Ilikuwa jina la mkopaji na jina la mdhamini, mwanachama mwenzake anayemjua anakunywa kiasi gani na analipa kodi ya pango au halipi.

Watumishi walilipwa. Schulze alishikilia hilo bila kulegeza: mtunza fedha anayefanya kazi kwa hisani huwezi kumfukuza kwa uzembe. Riba haikuwa ndogo kama watu wanavyofikiri. Ilitosha kulipa gharama na kujenga akiba, ila ilikuwa mbali sana na ile ya wakopeshaji wa mtaani, mikopo ambayo leo Dar es Salaam huitwa "kausha damu".

"Dhima isiyo na kikomo" maana yake nini, na haikuwatisha watu?

Iliwatisha, na ilikuwa na haki ya kuwatisha. Maana yake ni kwamba chama kikishindwa kulipa deni, mdai anaweza kumfuata mwanachama yeyote na mali yake yote, si hisa yake peke yake.

Hapa ndipo hakimu anapoonekana ndani ya mwanaushirika. Benki ilikuwa haimkopeshi fundi mmoja kwa sababu akiugua au akifa, deni limekufa naye. Mafundi mia wakisaini kwamba kila mmoja anawajibika kwa deni lote, hatari ile inayeyuka: wote hawawezi kufa mwezi mmoja. Chama chenye sahihi hizo kiliweza kukopa na kupokea amana za watu wa nje. Schulze aligundua kwamba alichokosa maskini ni dhamana kabla ya kukosa fedha, na dhamana inaweza kutengenezwa kwa karatasi kama waliosaini wanajuana. Na kwa vile kila mmoja alikuwa anaweza kupoteza kitanda chake kwa uzembe wa mwingine, mikutano ilihudhuriwa.

Wazo hilo lilikuwa lake?

Si lote. Chama chake cha kwanza cha mikopo, chenye wanachama kumi hivi, kiliegemea fedha za matajiri wema. Mji jirani wa Eilenburg, daktari Bernhardi na fundi nguo Bürmann walianzisha chao mwaka huohuo wa 1850 bila fedha za hisani, wanachama wakidhaminiana wote kwa wote. Cha Eilenburg kikakua, cha Delitzsch kikadorora Schulze alipokuwa Wreschen. Aliporudi alikipanga upya mwaka 1852 kwa mtindo wa Eilenburg, na kutoka hapo akakataa hisani maisha yake yote. Alichokifanya yeye ni kuuandika mtindo huo, kuurekebisha na kuusambaza mji hadi mji, kwa barua, vitabu na mikutano. Mwaka 1859 vyama vilikutana Weimar kwa mara ya kwanza.

## Bungeni tena: sheria na mahasimu

Sheria ya 1867 ilitatua tatizo gani?

Kabla yake chama cha ushirika hakikuwa kitu mbele ya sheria. Kilikuwa kundi la watu. Kikitaka kumshtaki mdaiwa, au kuandikisha kiwanja, ilibidi wanachama wote wasimame kwa majina yao, na mwanachama mmoja akijitoa au akifa, karatasi zianze upya. Fikiria chama chenye watu 400.

Schulze, aliyerudi bungeni Prussia mwaka 1861 kupitia chama cha Maendeleo, chama cha waliberali, aliwasilisha muswada mwaka 1863. Ulipita kuwa sheria tarehe 27 Machi 1867. Sasa chama kilichoandikishwa kiliweza kushtaki, kushtakiwa, kumiliki na kukopa kwa jina lake. Mwaka uliofuata sheria kama hiyo ikapitishwa kwa Shirikisho lote la Ujerumani Kaskazini, na baadaye ikaenea katika Dola mpya.

Alielewana na Bismarck?

Hapana. Tangu 1862 wabunge wa chama cha Maendeleo waligoma kupitisha bajeti ya jeshi, na Bismarck akatawala miaka minne bila bajeti halali. Ushindi wa Prussia dhidi ya Austria katika vita vya 1866 uliwageuza waliberali wengi wakamfuata. Schulze alibaki upinzani.

Ugomvi wake na Lassalle ulihusu nini?

Swali la nani aanze kutoa fedha. Ferdinand Lassalle, aliyeanzisha chama cha wafanyakazi Leipzig mwaka 1863, alisema kujisaidia kwa senti za mshahara ni ndoto: mfanyakazi hana cha kuweka akiba, kwa hiyo serikali itoe mtaji wa viwanda vya wafanyakazi, nao wapewe haki ya kura ili waidhibiti serikali hiyo. Schulze alijibu kwamba anayelishwa na serikali ataimba wimbo wa serikali. Mwaka 1864 Lassalle alimwandikia kitabu kizima cha kejeli, na miezi michache baadaye akafa kwa risasi ya pambano la heshima.

Kwa upande mmoja Lassalle alikuwa na hoja. Vyama vya Schulze vilimfaa fundi mwenye kibanda na zana zake. Kibarua wa kiwandani, asiyehitaji ngozi wala mbao, alipata kidogo humo. Kwa upande mwingine, Lassalle alikuwa akikutana na Bismarck kwa siri wakati huohuo, jambo linaloipa nguvu hofu ya Schulze.

Tofauti yake na Raiffeisen ni ipi?

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa meya wa vijijini, wateja wake wakulima. Mkulima hawezi kulipa kwa miezi mitatu, ng'ombe hakui kwa miezi mitatu. Kwa hiyo Raiffeisen alitoa mikopo mirefu, viongozi wake hawakulipwa, hisa hazikuwapo au zilikuwa za jina tu, faida iliingia katika mfuko usiogawanywa, na chama hakikuvuka mipaka ya parokia. Msingi aliousema ni upendo wa Kikristo. Wa Schulze ulikuwa hesabu.

Waligombana hadharani. Schulze aliona hatari kukopesha miaka kumi kwa amana ambazo mwenyewe anaweza kuzidai kesho, akalifikisha suala bungeni mwaka 1876. Kwa hesabu za benki alikuwa sahihi. Kwa mahitaji ya mkulima alikuwa hasikii. Mashirikisho ya pande hizo mbili yaliungana mwaka 1972, na ndiyo maana Ujerumani leo unaweza kukuta kibao kimoja kimeandikwa *Volksbank Raiffeisenbank*.

## Yanayochanganya watu

Ndiye baba wa ushirika duniani?

Hapana. Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao mwaka 1844. Kwa ushirika wa mikopo wa mjini, ndiyo, anaweza kuitwa hivyo. Luigi Luzzatti aliuchukua mtindo wake Italia akaanzisha benki ya wananchi ya Milan mwaka 1865, akiondoa dhima isiyo na kikomo.

Wajerumani walileta ushirika wake Tanganyika?

Jibu ni hapana, na tarehe zenyewe zinasema: alifariki 1883, utawala wa Kijerumani ukaanza huku 1885. Vyama vya wakulima Waafrika vilivyopata nguvu vilikuja wakati wa Waingereza. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliungana mwaka 1925, sheria ya ushirika ya Tanganyika ikatungwa 1932, na KNCU, umoja wa vyama vyao, ikaandikishwa 1933. Njia ya wazo la Kijerumani ilipitia India, ambako Waingereza walichunguza vyama vya Raiffeisen na Schulze kabla ya kutunga sheria ya mikopo ya ushirika ya mwaka 1904, na mkondo huo ukafuatwa katika makoloni mengine.

Kwa hiyo SACCOS yangu ina chochote chake?

Angalia katiba yake. Kiingilio, hisa zinazolipwa kidogokidogo, mkopo kwa wanachama tu, wadhamini wanaotoka ndani ya chama, gawio, meneja anayelipwa: hayo angeyatambua mara moja. Kifungu cha kuwajibika kwa mali yako yote kwa deni la chama hungekikuta, na wewe mwenyewe ungekimbia.

Sheria ya 1889 iliharibu kazi yake?

Wapo wanaosema hivyo kwa sababu ilitoka miaka sita baada ya kifo chake, ikaruhusu vyama vyenye dhima ya kikomo. Katika miaka ya 1870 baadhi ya vyama vilianguka na wanachama wakafuatwa mpaka majumbani, kwa hiyo ulegezaji ulikuwa hauepukiki. Sheria hiyo pia ililazimisha ukaguzi wa hesabu kila baada ya miaka miwili. Schulze alitaka ukaguzi, ila alipendelea vyama viufanye vyenyewe kwa hiari.

Kuna mahali pa kwenda kuona kumbukumbu zake?

Delitzsch kuna makumbusho yake katika nyumba ya zamani inayohusishwa na chama cha wale mafundi viatu. Berlin kuna sanamu yake iliyozinduliwa mwaka 1899, katika uwanja wenye jina lake. Na mwaka 2016 UNESCO iliingiza wazo na utendaji wa ushirika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la Ujerumani.